Je, Wajua? Umri Ukigonga Mlango, Ujasiri Huitika

Kuna umri unaopita kimyakimya, na kuna umri unaokuja na kishindo: 40, 50, 60, 75. Wapo wanaoukaribisha kwa keki na soda, na wapo wanaojiuliza: nifanye jambo gani ambalo sijawahi kulithubutu? Kutoka Giheke, wilayani Rusizi nchini Rwanda, tumezunguka dunia tukikusanya visa vya watu wa aina hii ya pili, kisha tukarudi nyumbani na kukuta vingine vinatusubiri mlangoni.

Alitimiza miaka 63 ndani ya pipa

Tarehe 24 Oktoba 1901, siku aliyotimiza miaka 63, mwalimu mjane wa Marekani aitwaye Annie Edson Taylor aliingia ndani ya pipa la mbao na kuporomoka nalo kwenye maporomoko ya Niagara, zaidi ya mita 50 kwenda chini. Alitoka hai, akiwa na jeraha dogo kichwani, na hakuna mtu kabla yake aliyefanya hivyo akapona. Pipa lenyewe lilitandikwa godoro ndani, likawekewa fuawe la chuma chini ili lisipinduke. Kabla ya safari, hewa ilishindiliwa ndani kwa pampu ya baiskeli, na tundu likazibwa kwa kizibo.

Taylor alitaka utajiri wa kumtunza uzeeni. Sifa alizipata, lakini fedha zilimpiga chenga, na alifariki mwaka 1921 akiwa maskini. Maji hayakumshinda, alichokosa ni watu wa kuaminika wa kusimama naye baada ya makofi kuisha.

Tisa ina fitina zake

Huenda kinachotuchokoza zaidi si miaka 40, bali 39! Mwaka 2014 watafiti Adam Alter na Hal Hershfield walichunguza watu 500 waliokimbia marathoni kwa mara ya kwanza. Waliripoti kwamba wenye umri unaoishia na tisa, yaani 29, 39, 49 na 59, walikuwa wengi kwa takribani asilimia 48 kuliko ilivyotarajiwa.

Baadhi ya wataalamu wameyahoji mahesabu ya utafiti huo, lakini wazo lake linaingia akilini. Mtu akiona muongo mmoja unafunga na mwingine unafungua, huanza kujikagua. Ukimwona jirani wa miaka 49 ameanza ghafla kukimbia alfajiri, sasa unajua la kukisia.

Bingwa wa dunia alipitwa Kigali, siku yake ya kuzaliwa

Mwendesha baiskeli Tadej Pogačar wa Slovenia alitimiza miaka 27 tarehe 21 Septemba 2025, siku ya kwanza ya mashindano ya dunia ya baiskeli jijini Kigali, ya kwanza kabisa kufanyika Afrika. Zawadi aliyoipata ilikuwa chungu: katika mbio za kushindana na saa, Remco Evenepoel wa Ubelgiji, aliyeondoka dakika mbili na nusu nyuma yake, alimfikia na kumpita. Pogačar akamaliza wa nne.

Wiki moja baadaye alijibu kwa namna iliyowaacha watu midomo wazi. Katika mbio ndefu za kilomita 267.5 alishambulia kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100, na kilomita 66 hivi za mwisho akazipiga peke yake hadi ushindi. Vilima vyetu ni vikali kiasi kwamba ni wanaume 30 tu waliomaliza mbio hizo. Anayepandisha ndizi sokoni kwa baiskeli kila wiki hapa Rusizi anastahili kujua hilo, maana miinuko hiyo ndiyo njia yake ya kila siku.

Rais aliyeruka kutoka angani kila miaka mitano

George H. W. Bush, rais wa 41 wa Marekani, aliadhimisha miaka 75, 80, 85 na 90 kwa kuruka na parachuti. Alipotimiza 90, mwezi Juni 2014, miguu ilikuwa imegoma na alikuwa akitumia kiti cha magurudumu. Hata hivyo alipandishwa helikopta, akafungwa kwa mikanda kifuani mwa mwanajeshi mstaafu mwenye uzoefu, na wakashuka pamoja.

Mara yake ya kwanza kuruka haikuwa sherehe. Mwezi Septemba 1944, akiwa rubani kijana, ndege yake ilitunguliwa baharini Pasifiki na akaruka ili kuokoa maisha. Uzeeni aliirudia hofu ile ile kwa hiari yake, mbele ya wajukuu. Na rekodi zimezidi kupanda: mwaka 2022 bibi mmoja wa Sweden aliruka akiwa na miaka 103, naye pia akiwa amefungwa pamoja na mrukaji mzoefu.

Indangamuntu yako inataja mwaka wako

Chukua kitambulisho chako cha Rwanda usome namba zake 16. Tarakimu ya pili hadi ya tano ni mwaka wako wa kuzaliwa! Kitambulisho hicho kimezoeleka kutolewa mtu akitimiza miaka 16: miaka 16, tarakimu 16. Kwa hiyo unaweza kuficha umri wako kwa majirani, lakini si kwa wakala wa simu.

Karatasi ya umri ni kitu kikubwa kuliko tunavyodhani. Oktoba 2011, Fauja Singh, mzaliwa wa Punjab aliyeishi Uingereza, alimaliza marathoni ya Toronto kwa zaidi ya saa nane. Pasipoti yake ilionyesha miaka 100. Guinness hawakumwandika katika kitabu chao cha rekodi kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kilomita 42 alizimaliza. Karatasi moja ikamshinda.

Na asiyejua siku yake je?

Bi Kidude wa Zanzibar, malkia wa taarabu na unyago, hakuwahi kuwa na tarehe ya kuzaliwa iliyothibitishwa. Hilo halikumzuia kupanda majukwaa ya dunia akiwa bibi kikongwe na kupokea tuzo ya muziki ya WOMEX mwaka 2005. Alifariki Aprili 2013, na watu bado wanabishana kuhusu miaka yake.

Wazee wengi wa kwetu huhesabu umri kwa matukio: njaa fulani, mfalme fulani, mwaka daraja lilipojengwa. Asiye na tarehe ana bahati yake. Anaweza kuchagua siku yoyote kuwa siku ya kuthubutu.

Vijana wa Rwanda walioruka juu ya vichwa vya wageni

Mwaka 1907, mwana wa kifalme wa Kijerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg alitazama vijana wa Rwanda wakiruka juu ya kamba na kuandika kwamba aliyewazidi wenzake alifikia mita 2.50. Rekodi ya dunia ya leo, ya Javier Sotomayor wa Cuba, ni mita 2.45, na imesimama tangu 1993! Ipo picha maarufu ya kijana akipita hewani, na chini yake wamesimama wanaume wawili wa Kizungu.

Ni haki kusema kwamba warukaji wale walianzia kwenye kijinundu cha ardhi, na vipimo havikufuata kanuni za sasa. Bado inashangaza. Mchezo huo, gusimbuka urukiramende, unasimuliwa kuwa kipimo cha ujana kukomaa: aliyeweza kuruka kimo chake mwenyewe alihesabiwa amekuwa mtu mzima. Hapo umri haukusherehekewa kwa kukaa chini.

Nchi nzima ilizaliwa juu ya mlima

Usiku wa manane wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipozaliwa kama taifa huru, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, akisimika bendera na mwenge. Kilele chenyewe, kilichokuwa na jina la mfalme wa Ujerumani, kikaitwa Uhuru.

Hebu fikiria: huku bondeni watu wanacheza ngoma, kule juu kijana mmoja anapambana na baridi na hewa ambayo oksijeni yake ni kama nusu ya ile ya pwani. Mwenge wa Uhuru ungali unakimbizwa kote Tanzania kila mwaka. Ni mataifa machache yaliyoanza maisha kwa kupanda.

Alinyang'anywa rekodi, akarudi kuichukua akiwa na 89

Anne Lorimor wa Arizona alifika kilele hicho hicho mwaka 2015 akiwa na miaka 85 na kuwa mwanamke mzee kuliko wote waliowahi kukifikia. Mwaka huo huo Mrusi wa miaka 86 akampiku. Lorimor hakununa. Julai 2019 alirudi Kilimanjaro akiwa na miaka 89 na siku 37, akapanda tena mpaka juu.

Nyuma ya kila jina la aina hii wapo waongozaji na wapagazi wa Kitanzania wanaobeba mahema, chakula na maji, na wanaojua ni wakati gani wa kusema "pole pole". Wao hupanda mlima ule mara nyingi kwa mwaka bila mtu kuwapigia makofi, nasi tunawapigia leo.

Ujasiri mkubwa kuliko wote ulivaa kaptura ya shule

Tarehe 12 Januari 2004, Kimani Ng'ang'a Maruge wa Eldoret, Kenya, alianza darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo. Alikuwa na miaka 84. Kenya ilikuwa imefuta karo za shule za msingi mwaka mmoja nyuma, naye akaona mlango umefunguliwa kwa wote, wazee wakiwemo. Alikwenda amevaa sare, na soksi amezipandisha hadi magotini.

Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Aliyempokea darasani ni mwalimu Jane Obinchu, aliyesimama upande wake pale baadhi ya wazazi walipolalamika. Kuruka kutoka kwenye ndege huchukua dakika chache. Kukaa na watoto wa miaka sita siku baada ya siku, ukikosea hesabu mbele yao, ni uthubutu wa kila asubuhi.

Waziri aliyejirusha darajani

Kule Vanuatu, katika kisiwa cha Pentecost, wanaume hujirusha kutoka minara ya miti yenye mita 20 na zaidi wakiwa wamefungwa mimea ya kutambaa miguuni, katika msimu wa mavuno ya viazi vikuu. Mzee wa kazi huchagua urefu wa kila mmea kulingana na mrukaji. Kutoka desturi hiyo dunia ikapata mchezo wa kujirusha na kamba.

Katika daraja la Maporomoko ya Victoria, mruko ni wa mita 111. Tarehe 31 Desemba 2011 kamba ilikatika, na binti mmoja wa Australia akaangukia mto Zambezi, akaogelea huku miguu imefungwa, akapona. Muda mfupi baadaye waziri wa utalii wa Zambia, Given Lubinda, alijirusha mwenyewe ili kuwatoa watu hofu. Funzo kwa mwenye sherehe ni moja: uliza kuhusu kamba kabla ya kuuliza bei.

Maji ya ghafla

Katika shule na mitaa mingi ya Rwanda na Kenya, mwenye siku ya kuzaliwa hajui ndoo itatoka upande gani. Marafiki humvizia na kummwagia maji, akalowa chepechepe huku wakicheka. Ni uthubutu pia: kutoka nyumbani umevaa vizuri, ukijua kabisa yatakayokupata.

Daraja la angani liko barabarani kwetu

Ukitoka Giheke ukashika barabara ya kwenda Huye, unaingia msitu wa Nyungwe, kilomita za mraba 1,019, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Pale Uwinka kuna daraja la kuning'inia lililofunguliwa 2010. Lina urefu wa mita 160, na sehemu ya juu kabisa inakaribia mita 70 kutoka ardhini, sawa na kusimama juu ya jengo la ghorofa ishirini. Njia ni nyembamba, mtu mmoja nyuma ya mwingine, mikono imeshika kamba za chuma pande zote mbili. Ukipiga hatua, daraja nalo hutikisika na kukujibu, na chini ya nyayo zako ni vilele vya miti. Huruhusiwi kwenda bila mwongozaji.

Asiyependa kimo anayo njia ya Congo Nile, kilomita 227 kando ya ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi hapa Rusizi: takribani siku tano kwa baiskeli, kumi kwa miguu. Watu hupanda ndege kutoka mbali kuja kuimaliza, na sisi tunaishi kwenye ncha yake.

Basi, kama mwaka wako mkubwa uko njiani, fanya hesabu ya Bush, ya Maruge na ya Lorimor. Kila mmoja alipata mtu wa kufunga mikanda, wa kufungua mlango wa darasa, au wa kubeba hema. Chagua jambo lako, kisha mtafute mtu huyo mapema na umwambie tarehe. Ukishamwambia, kurudi nyuma kutakuwa kugumu, na hiyo ndiyo faida yenyewe.