Maoni ya Wakazi Hupimwaje? Mfano wa Makuyuni

Mtu akisimama sokoni Makuyuni, wilayani Korogwe, akawauliza wapita njia kumi kama mahali pao panaendelea, aghalabu atapata majibu kumi yasiyofanana. Mwenye duka atataja nyumba za matofali zinazoongezeka. Mkulima wa mahindi atasema kuwa mashamba yanageuzwa viwanja. Mama aliyetua ndoo ya maji chini atauliza: maendeleo gani hayo? Kila mmoja asema kweli yake. Kazi ya sayansi hapa si kuamua nani mkweli zaidi, bali ni kujua ni wangapi wanaona hivi na wangapi vile.

Jambo hili lina uzito katika nchi ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta Tanganyika miche ya mkonge, ikafika hai 62 tu. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga, nayo ikafika Korogwe mwaka 1902. Mashamba yakaenea, kambi za manamba zikajaa watu, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za nyuzi kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikashusha bei, uzalishaji ukaporomoka, na kambi nyingi zikabaki magofu. Mtu aliyehesabu tani na nyumba mwaka 1964 angeandika kuwa Korogwe yakua sana. Lakini mkata mkonge, je, naye angesema hivyo? Katika andiko lake la mwaka 1968, “Uhuru na Maendeleo”, Mwalimu Nyerere alitenga mambo haya mawili: barabara na majengo ni vyombo tu, na maendeleo ni ya watu wenyewe.

Basi tuchukue mfano. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanataka kujua wakazi wa kijiji kimoja wangependa kipi kitangulie: maji ya bomba au barabara ya mtaani. Tuseme kijiji kina kaya 800. Kuzihoji zote ni kazi ya wiki nyingi, na sensa nayo haitawasaidia. Sensa ya mwaka 2022 ilituambia kuwa Watanzania ni milioni 61.7, haikuuliza kila mmoja anatamani nini. Hapana budi wachague sampuli, yaani sehemu ndogo itakayowakilisha wote.

Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko kimoja akajua chumvi ya chungu kizima, lakini kwanza hukoroga. Kukoroga kwetu ni bahati nasibu. Wanafunzi waorodheshe kaya zote 800, wapige kura kupata namba moja kati ya 1 na 8, kisha wahesabu kila kaya ya nane kuanzia hapo. Watapata kaya 100, na kila kaya imekuwa na nafasi sawa. Wakienda sokoni tu, watakutana na wachuuzi na wasafiri. Wakienda nyumbani saa nne asubuhi, waliopo shambani watakosekana. Nyumba iliyofungwa isirukwe kwa kuhoji jirani: irudiwe jioni. Hili huwachosha wahojaji kuliko yote, nalo ndilo lenye faida kuliko yote.

Wingi peke yake hauokoi. Mwaka 1936 gazeti la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma kadi za maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatabiri kuwa Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda kwa kishindo. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na magari, na hata miongoni mwao walijibu wale tu waliopenda kujibu.

Swali nalo laweza kupotosha. “Je, hukubali kuwa barabara ni muhimu?” ni swali lenye jibu lake mfukoni. Yafaa kuuliza: “Kati ya maji na barabara, ungependa kipi kianze?” na katika nusu ya madodoso barabara itajwe kwanza. Tena mhojaji asisimame na mwenyekiti wa kitongoji ubavuni. Adabu itamjibia mwenye nyumba.

Tuseme sasa 54 kati ya 100 wamechagua maji. Je, maji yameshinda? Kwa makadirio mepesi, gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10, hivyo kosa la sampuli ni kama asilimia 10 juu au chini. Ukweli waweza kuwa popote kati ya 44 na 64, na mwanafunzi mwaminifu ataandika kuwa haijulikani. Wangekuwa 75, shaka ingeondoka. Kulipunguza kosa hadi asilimia 5 kwahitaji watu 400, si 200.

Hata hesabu ikiwa safi, haiamui yenyewe. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchini kuuliza juu ya mfumo wa vyama. Katika maoni yapatayo 36,000, asilimia 77 hivi walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi, kwani iliona kuwa wachache waliotaka mabadiliko si wachache wa kupuuzwa, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kumbuka pia kuwa watu hao walijitokeza wenyewe. Hawakuchaguliwa kwa bahati nasibu.

Kwa wanafunzi wetu wa Makuyuni, mahali pa kupeleka matokeo papo: ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria ya mwaka 1982 ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Waandike ubaoni majibu, kosa la sampuli, na idadi ya nyumba zilizokutwa zimefungwa hata mara ya tatu. Huenda mwenye mojawapo ya nyumba hizo amekaa pale pale mkutanoni, na ana la kusema.