Probu Isiyosema Kweli: Utunzaji na Usawazishaji wa Mashine za Altrasaundi

Utangulizi

Mama mjamzito anapotoka katika chumba cha picha cha hospitali, aghalabu huwa ameshika karatasi ndogo yenye picha ya kijivu na mistari michache ya tarakimu. Tarakimu hizo humweleza mkunga ujauzito una wiki ngapi, kijusi kinakisiwa kuwa na uzito gani na siku ya kujifungua ni lini. Ni nadra kwa mtu yeyote kuuliza zilikotoka. Mizani ya muuza nyama sokoni hukaguliwa na maafisa wa vipimo na kupigwa mhuri, na mnunuzi aliyepunjwa anajua pa kupeleka malalamiko yake. Mashine ya altrasaundi nayo ni mizani ya aina yake, lakini mgonjwa hana njia ya kujua iwapo imempunja au imemzidishia.

Madhara ya kipimo kibovu si madogo. Katika miezi mitatu ya kati ya ujauzito, upana wa kichwa cha kijusi huongezeka kwa takriban milimita 3 kila wiki. Kwa hivyo, mashine inayokosea kwa milimita 3 imekosea umri kwa wiki nzima. Kijusi kinachodhaniwa kuwa kimepitisha siku zake, ilhali hakijakomaa, huenda kikazalishwa kabla ya mapafu yake kuwa tayari. Na kile kilichochelewa kweli huenda kikaachwa tumboni kwa kuwa karatasi inasema muda bado. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama mjamzito apigwe picha ya altrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, mojawapo ya sababu ikiwa ni kukadiria umri wa ujauzito. Pendekezo hilo lina maana tu pale ambapo mashine yenyewe inaaminika.

Makala haya yanaeleza jinsi mashine hizo zinavyotunzwa na kusawazishwa. Ni vyema kutofautisha maneno mawili tangu mwanzo. Ukarabati ni kurejesha kilichoharibika. Usawazishaji ni kulinganisha kile ambacho mashine inasema na kile ambacho tayari kinajulikana kuwa kweli, kisha kuamua iwapo tofauti inavumilika. Mashine inaweza kuwaka vizuri, ikatoa picha ya kuvutia, na bado ikawa inasema uongo. Neno altrasaundi limetumiwa humu kwa kuwa ndilo linalosikika hospitalini, ijapokuwa wagonjwa wengi husema tu kwamba wamepigwa picha au skeni.

Mwangwi kama kipimo

Sikio la binadamu husikia mitetemo isiyozidi takriban 20,000 kwa sekunde. Altrasaundi ya tumbo hutumia mitetemo ya kadiri ya milioni 3.5 kwa sekunde, na ile ya viungo vilivyo karibu na ngozi, kama vile tezi ya shingo, hufikia milioni 10 na zaidi. Sauti hiyo huzalishwa ndani ya probu, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi. Humo mna safu ya vipande vyembamba, mara nyingi 128 au zaidi, vilivyotengenezwa kwa mata yenye sifa ya ajabu: ikipewa umeme hutetema, na ikitetemeshwa hutoa umeme. Sifa hiyo iligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880, walipokuwa wakichunguza fuwele. Ilichukua miaka mingi kabla haijamfaa mgonjwa. Daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, alianza katikati ya miaka ya 1950 kwa kutumia chombo cha viwandani kilichokusudiwa kutafuta nyufa ndani ya vyuma, na mwaka 1958 yeye na wenzake John MacVicar na Tom Brown wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Kwa hakika, asili hiyo ya kiwandani ingali inaonekana katika namna mashine hizi zinavyokaguliwa leo.

Probu hutuma sauti kwa muda mfupi mno, kisha hunyamaza na kusikiliza. Kila mahali ambapo sauti inatoka katika tishu ya aina moja na kuingia katika nyingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitambui: mashine haipimi urefu hata kidogo. Inapima muda. Inahesabu mwangwi umechukua muda gani kurudi, kisha inageuza muda huo kuwa sentimita kwa kuchukulia kwamba sauti husafiri mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, kila sentimita moja ya kina huchukua sehemu 13 za milioni za sekunde, kwenda na kurudi. Mita 1,540 ni wastani tu. Katika mafuta ya mwili sauti huenda polepole zaidi na katika mfupa huenda kwa kasi zaidi ya maradufu. Hata hivyo, watengenezaji wote wamekubaliana juu ya wastani huo, na usawazishaji wote unauegemea.

Mwili wa bandia na mtego wa maji

Ili kuihoji mashine, fundi huhitaji kitu ambacho vipimo vyake vinajulikana bila shaka. Kitu hicho huitwa fantomu, yaani mwili wa bandia. Ni sanduku lililojazwa mata laini, kama vile jeli nzito au mpira maalumu, inayopitisha na kupunguza sauti kwa namna inayokaribiana na tishu za mwili. Ndani yake mmenyooshwa nyuzi nyembamba za nailoni kwa nafasi zinazojulikana, kwa mfano sentimita 1 au 2, baadhi zikiwa zimepangwa kwenda chini na nyingine kwenda kando. Mnamo pia viduara vinavyoiga uvimbe. Fundi huweka probu juu ya sanduku, huzipata nyuzi kwenye skrini, kisha hupima nafasi kati yake kwa alama zilezile ambazo mpigapicha huzitumia kupima kichwa cha kijusi. Ikiwa nyuzi zilizoachana kwa sentimita 10 zinasomeka 10.1, hakuna neno. Zikisomeka 10.5, mashine hiyo haifai kutoa umri wa mimba yeyote. Kwa kawaida kosa linalovumilika katika kipimo cha kwenda chini ni kama milimita 1.5, au asilimia 1.5 ya urefu unaopimwa. Kipimo cha kwenda kando huachiwa nafasi kubwa kidogo.

Fantomu nzuri ni ghali, na zile za jeli hukauka zisipotunzwa. Ndiyo maana mafundi wengine hujitengenezea chombo cha maji chenye nyuzi za kuvulia samaki zilizopimwa kwa rula. Ubunifu huo unastahili pongezi, lakini una mtego. Katika maji safi yenye joto la nyuzi 20, sauti husafiri kwa takriban mita 1,480 kwa sekunde, si 1,540. Mwangwi basi huchelewa, nayo mashine, isiyojua kwamba imetumbukizwa majini, hudhani kwamba uzi uko mbali zaidi. Nyuzi zilizoachana kwa sentimita 10 zitasomeka karibu 10.4. Fundi asiyejua siri hiyo ataihukumu mashine nzima kuwa mbovu au, baya zaidi, atajaribu kuirekebisha na hivyo kuiharibu. Dawa yake ni ama kupiga hesabu ya kusahihisha au kuyabadili maji yenyewe kwa kuyatia chumvi au alkoholi kwa kipimo. Jambo la kuchekesha ni kwamba maji ya bahari ya kawaida, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo, yakiwa na joto la nyuzi 27 kama yalivyo mara nyingi pwani ya Mombasa, hupitisha sauti kwa mwendo unaokaribia sana ule wa mita 1,540. Hii haina maana kwamba probu itumbukizwe baharini. Chumvi ni adui wa kila kiungio cha chuma.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba katika mashine za kisasa za kidijitali saa ya ndani inayohesabu muda haipotoki kwa urahisi. Kosa la urefu hutokea kwa nadra. Kinachoharibika mara kwa mara ni probu.

Maradhi ya probu

Probu huanguka. Kebo yake hukanyagwa na magurudumu ya mashine ileile inayoihudumia. Husuguliwa kwa spiriti isiyoruhusiwa na mtengenezaji hadi utando wa usoni ukafanya ufa. Jeli inapokwisha, kuna wanaotumia mafuta ya kupikia au ya kujipaka, na baadhi ya mafuta hayo hulainisha na kuvimbisha mpira wa usoni hadi ukabanduka. Kila moja ya ajali hizi inaweza kuua vipande kadhaa miongoni mwa vile 128, na picha bado ikaonekana. Inaonekana kwa sababu mashine hujaza mapengo kwa mwangwi wa vipande jirani. Kinachopungua ni ukali wa picha, na macho ya mpigapicha huzoea polepole kile kinachofifia polepole. Utafiti uliochapishwa na wataalamu wa Stockholm mwaka 2009, ambao ulikagua probu 676 katika hospitali 32 nchini Uswidi, ulikuta takriban asilimia 40 zikiwa na kasoro. Probu hizo zilikuwa zikitumiwa kila siku, katika nchi isiyo na uhaba wa mafundi wala wa fedha.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hupimika bila gharama yoyote. Probu ikifutwa jeli na kuachwa hewani, sauti haiwezi kutoka; hugonga hewa na kurudi, nayo skrini huonyesha mistari angavu iliyo sambamba karibu na uso wa probu. Mistari hiyo inapaswa kuwa kamili kutoka upande hadi upande. Palipo na pengo jeusi, huenda vipande vya hapo vimekufa. Ili kuhakikisha, fundi hupitisha ukingo wa sarafu au waya mwembamba taratibu juu ya uso wa probu, bila kuukwaruza. Mwangwi wa sarafu husafiri pamoja nayo kwenye skrini. Unapofifia au kutoweka, hapo pana hitilafu. Jaribio hili halichukui hata dakika tano, na ni ajabu kwamba si desturi ya kila Jumatatu asubuhi katika kila chumba cha picha.

Ufa wa probu una hatari nyingine isiyohusiana na picha. Jeli na maji hupenya, na umeme hupata njia ya kumfikia mgonjwa. Kwa probu ya kawaida, kanuni za kimataifa za usalama wa vifaa vya matibabu huruhusu mkondo unaovuja kwa mgonjwa usizidi sehemu 100 za milioni za ampea katika hali ya kawaida. Probu yenye ufa iondolewe siku hiyohiyo, hata kama picha yake ni safi kama maji ya chemchemi.

Saa, vumbi na umeme

Mengine ni ya kila siku, na hayahitaji maneno mengi. Chujio la hewa lioshwe au lipulizwe vumbi, vinginevyo feni hushindwa kupooza mashine na vijenzi huungua. Umeme unaopanda na kushuka udhibitiwe kwa kifaa cha kusawazisha volteji. Skrini isitazamane na dirisha, na mwanga wake usibadilishwe ovyo, kwa maana uvimbe mdogo unaweza kufichwa na kivuli tu.

Lipo jambo moja dogo linalosahaulika, nalo lina uzito sawa na fantomu yote: tarehe. Mashine hukokotoa umri wa ujauzito kutokana na siku ya mwisho ya hedhi, na siku ya kujifungua kutokana na vipimo vya siku hiyo, kwa kutumia kalenda yake ya ndani. Betri ndogo inayoitunza kalenda hiyo ikifa na umeme ukakatika, tarehe inaweza kurudi nyuma miaka mingi au siku chache. Ikirudi miaka, kila mtu atagundua. Ikirudi wiki mbili, hakuna atakayegundua, na mama ataenda nyumbani na siku isiyo yake.

Fundi na nywila

Nchini Kenya mafundi wa vifaa vya matibabu hufunzwa katika Chuo cha Mafunzo ya Udaktari na katika baadhi ya vyuo vikuu na vya kiufundi. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya matibabu kwa ajili ya hospitali 98 kote nchini, matengenezo yakiwa sehemu ya mkataba. Mpango huo ulizua mjadala mkali, ila angalau ulikubali kwamba kununua mashine na kuitunza ni gharama moja. Mashine za misaada aghalabu huja bila kitabu cha maelekezo, na hata pale kinapokuwepo, kurasa za matengenezo hufungwa kwa nywila ambayo mtengenezaji huwapa mawakala wake pekee. Fundi wa hospitali hubaki na mamlaka ya kupangusa vumbi.

Hata hivyo, nywila haimzuii kuweka daftari. Siku mashine inapopokelewa, apige picha ya fantomu na picha ya probu ikiwa hewani, azihifadhi pamoja na tarehe na namba ya kila probu. Picha hizo za kwanza ndizo mizani ya zote zitakazofuata; bila hizo, fundi wa mwaka wa tatu hawezi kusema iwapo pengo alilolikuta ni la jana au la siku ya kwanza. Kipande kimoja kilichokufa pembezoni kinaweza kuvumiliwa kwa picha ya kawaida ya tumbo. Viwili vitatu vilivyoungana katikati havivumiliki, hasa kwa kipimo cha Doppler cha mwendo wa damu, ambapo tarakimu yenyewe huweza kupotoshwa. Probu ya namna hiyo ichomolewe, ifungwe kibandiko chekundu chenye tarehe na sababu, kisha ifungiwe kabatini kwa ufunguo, kwa sababu ikiachwa kwenye droo iliyo wazi, itarudishwa kazini siku ile nzima itakapokwama.