Miguu ya chuma kwa paka: ni kupoteza franga bule?

Kama mfululizo huu unapita kwenye televizyo na watu wamekaa pamoja, neno la kwanza huwa ni lile lile: «Hawa wazungu wako na franga mingi mpaka wanakosa pa kuziweka!» Mbwa amelala juu ya meza ya operesheni. Mashine inahesabu mapigo ya moyo wake. Wanganga wamevaa vitambaa vya mdomo, wanapasua, wanatoboa mfupa, wanakaza visi ndogo kuliko punje ya muhindi. Watu wanacheka. Kisha kuna mmoja atauliza: «Na sisi je? Ni nani anatupasua hivi?» Hapo kicheko kinakatika, juu hilo si swali la kucheka.

Sisi pia tulianza kutazama The Supervet kwa kicheko hicho. Tuliendelea kuitazama kwa sababu nyingine, na leo tunataka kuieleza kwa wasomaji wetu.

Mfululizo huo ulianza 2014 kwenye Channel 4, televizyo ya Uingereza. Mtu wa katikati ni Noel Fitzpatrick, munganga wa wanyama aliyezaliwa Ireland mwaka 1967. Hakuzaliwa katika nyumba ya watu wanaolaza mbwa kitandani. Alikulia Ballyfin, sehemu ya wakulima, baba yake akiwa mfugaji wa kondoo na ng'ombe. Katika kitabu alichotoa 2018 anasimulia usiku mmoja wa baridi, alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi, mwanakondoo aliyezaliwa usiku ule alipomfia mikononi. Alitazama nyota akajiona hana kitu, hana akili, hana nguvu. Tangu pale akaanza kujitungia kichwani shujaa wa kuweza kutengeneza kila mnyama aliyevunjika.

Kijana yeyote wa kwetu aliyechunga mbuzi anajua usiku wa namna hiyo. Tofauti ni kile kilichofuata. Fitzpatrick alisoma University College Dublin, akapata diploma yake 1990, akafanya kazi ya kawaida ya munganga wa mashamba: kuzalisha ng'ombe, kuchoma sindano, kutembea katika matope. Kisha akaenda Uingereza, akajifunza zaidi mambo ya mifupa na uti wa mgongo, na mwishowe akajenga hospitali yake huko Eashing, jimbo la Surrey, upande wa kusini-magharibi wa London.

Hospitali hiyo haipokei kila mbwa anayekohoa. Inapokea wale ambao wanganga wengine wamewatuma kwa sababu kazi imewazidi. Mbwa aliyegongwa na gari, nyonga imetoka mahali pake. Paka aliyeponda miguu. Mbwa mdogo ambaye uti wa mgongo umebanwa, miguu ya nyuma haisikii tena kitu. Kwanza wanapiga picha za skana. Kwa picha hizo wanaweza kutengeneza mfano wa ule mfupa kwa plastiki, ukubwa ule ule, ili munganga aushike mkononi, aupime, ajue kisi kitapita wapi kabla ya kugusa kisu. Kama chuma cha kawaida hakifai, wanaagiza kingine kinachotengenezwa kwa kipimo cha yule mnyama mmoja tu.

Lakini sehemu iliyotushika si operesheni yenyewe. Ni ile ya mbele yake. Fitzpatrick anakaa chini, sakafuni, mbwa akiwa kando yake, na mwenye mbwa anaelezwa njia zote moja kwa moja. Tunaweza kukata mguu, mbwa ataishi na miguu mitatu. Tunaweza kujaribu kuutengeneza, lakini kuna hatari hizi na hizi. Ao tunaweza kumchoma sindano ya mwisho, alale bila maumivu. Mtu mzima, baba wa familia, analia mbele ya kamera. Na si kila kipindi kinaisha kwa furaha. Kuna mara wanapasua, wanafanya vyote, na mnyama anakufa.

Tuchukue kisa kimoja, kile kilichofanya jina la Fitzpatrick lijulikane mbali hata kabla ya mfululizo huu. Ni kisa cha Oscar, paka mweusi wa kisiwa cha Jersey. Mwezi wa 10 mwaka 2009 alikuwa amelala shambani akiota jua, mashine kubwa ya kuvuna ikapita na kumkata miguu yote miwili ya nyuma. Kwa kawaida, paka wa namna hiyo anapigwa ile sindano ya mwisho, hakuna mtu atalaumu. Munganga wa Jersey akamtuma Eashing.

Hapa inafaa kueleza kidogo, juu ndiyo kiini cha jambo. Mguu wa bandia tunaoujua sisi ni kama kikombe kigumu: unaingiza kigutu ndani, unafunga, unatembea. Kikombe hicho kinasugua ngozi. Kigutu kinatoa jasho, kinavimba, kinapata vidonda. Kwa paka ni vigumu zaidi. Fitzpatrick akaja na njia nyingine: kuingiza chuma ndani ya mfupa wenyewe, kipite ngozi na kutoka nje, na pale nje kufungwe mguu wa bandia. Shida ni kwamba ngozi iliyotobolewa ni mlango wazi kwa mikrobi. Chuma kikitoka nje ya ngozi, uchafu unaingia, mfupa unaoza.

Wataalamu wa University College London, wakiongozwa na Gordon Blunn, walikuwa wamekwisha kuliona jibu kwa mnyama wa porini. Pembe za kulungu wa Ulaya ni mfupa unaotoka katika kichwa na kupita ngozi, na hapo pa kutokea hapaozi. Ngozi imejishika na mfupa vizuri. Wakatengeneza chuma chenye sehemu yenye matundu madogo madogo pale kinapokutana na ngozi, ili nyama na ngozi ziingie katika matundu hayo, zishike, zifunge mlango. Chombo hicho wanakiita kwa kifupi ITAP. Mwezi wa 11 mwaka 2009 Oscar aliwekewa vyuma viwili, kimoja kila mguu, katika operesheni ya saa karibu tatu. Mwaka uliofuata BBC ilionyesha kazi hiyo katika mfululizo wa kwanza wa Fitzpatrick, The Bionic Vet. Paka yule akaonekana akitembea juu ya miguu minne.

Sasa turudi kwa mtu aliyeuliza «Na sisi je?» Utafiti wa chuma hicho haukuanza kwa ajili ya paka. Ulikuwa kwa ajili ya watu waliokatwa mikono na miguu. Mmoja kati ya watu wa kwanza kujaribiwa nacho alikuwa amepoteza mkono katika mabomu ya London ya tarehe 7 mwezi wa 7 mwaka 2005. Kwa hiyo fikira ile moja ilitoka kwa kulungu, ikafika kwa mtu, ikaenda kwa paka. Na Fitzpatrick anasema kwamba inapaswa kurudi tena: yale munganga wa wanyama anajifunza juu ya mbwa aliye na ugonjwa wa kweli yamfae munganga wa watu, na ya huyu yamfae yule. Mwaka 2014, mwaka ule ule mfululizo ulipoanza, alianzisha shirika la Humanimal Trust kwa kusudi hilo. Wao wanaita jambo hilo tiba moja.

Hatutaki kuficha upande mwingine. Kazi hii ni bei kali. Huko Uingereza serikali inawatibu watu katika hospitali zake bila kuwadai pale mlangoni, lakini kwa mnyama hakuna kitu cha namna hiyo. Mwenye mbwa analipa mwenyewe, ao analipa asiransi kila mwezi. Operesheni kubwa inafika maelfu ya pauni, na asiransi nyingine zina kikomo, kikipita unabaki na deni. Malalamiko juu ya bei za wanganga wa wanyama yalikuwa mengi mpaka mamlaka ya Uingereza inayochunga ushindani wa biashara ilianza kuyaangalia 2023, na 2024 ikafungua uchunguzi kamili. Kwa hiyo hata muzungu wa kawaida, yule tunayefikiri ana franga mingi, anakaa usiku akihesabu.

Kuna na lawama nyingine, nzito kuliko bei. Je, kila kitu kinachowezekana kinafaa kufanywa? Mnyama hawezi kusema «inatosha». Hajui kwamba maumivu ya wiki hii ni kwa ajili ya mwezi ujao. Yeye anajua tu kwamba anaumia. Pale mwenye mbwa anasema «fanyeni vyote», wakati mwingine hasemi kwa ajili ya mbwa. Anasema kwa ajili yake mwenyewe, juu hawezi kurudi katika nyumba tupu. Kati ya wanganga wa Uingereza kwenyewe mabishano haya hayajaisha, na sisi tunaona ni mabishano ya haki. Lile swali la pale sakafuni, tunamfanyia nani hii, ndilo linafanya mfululizo huu usiwe maonyesho ya mashine tu. Na familia zetu zinalijua. Mzee akiwa mgonjwa sana, watoto wakigawanyika, huyu anataka kuuza kiwanja apelekwe mbali, yule anasema tumuache apumzike, wanaulizana neno lile lile.

Je, kwetu kuna kitu cha kufanana? Kipo, lakini si mahali tunapopatafuta. Katika Virunga na Kahuzi-Biega, wanganga wa Gorilla Doctors wanapanda milima kwa miguu kwenda kutibu gorila aliyenaswa na mtego. Wanamlaza kwa sindano ya mbali, wanakata kamba, wanasafisha kidonda, wanamuacha arudi kwa jamaa yake. Hesabu iliyotangazwa 2019 ilipata gorila wa milimani 1.063 tu duniani kote, ndani ya Kongo, Rwanda na Uganda. Kwa hesabu ndogo hivyo, mguu wa gorila mmoja ni jambo kubwa. Hapo hakuna mtu anayecheka kwamba ni franga bule.

Na juu ya watu: Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, vyote vikisaidiwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR. Hapo ndugu zetu waliokatwa miguu kwa risasi na mabomu wanapata miguu ya bandia na kujifunza kutembea upya. Miguu yao ni ile ya kikombe. Waulize juu ya jua la saa sita na kigutu kilichovimba, watakueleza mambo ambayo hakuna munganga wa London anapaswa kuwafundisha. Chuma cha Oscar hakijafika kwao, na hatutawadanganya wasomaji kwamba kitafika kesho. Kinaomba upasuaji safi sana, dawa za kutosha, na munganga wa kukufuata miaka mingi. Lakini kila paka anayetembea vizuri na chuma hicho anawaonyesha wataalamu kitu kimoja zaidi: ni wapi ngozi inashika, ni wapi inakataa. Mambo hayo hayatabaki kwa paka.

Kuna na jambo dogo, la karibu, lisilohitaji skana. Munganga wa wanyama kwetu hatumpi heshima yake. Chuo kikuu cha Lubumbashi kina fakilte ya tiba ya wanyama, na vijana wanatoka pale na diploma zao, lakini katika kiwanja mtu akisikia «munganga wa mbwa» anacheka. Anasahau kwamba munganga yule ndiye anayejua nguruwe wa jirani anakufa na nini, na kuku wote wa avenue wamepotea juu ya nini. Anasahau na kichaa cha mbwa, ile raje. Duniani ugonjwa huo unakadiriwa kuua watu karibu 59.000 kila mwaka, wengi katika Afrika na Asia, na karibu wote walipewa na mbwa. Alama zikiisha kutokea kwa mtu, hakuna tena munganga wa kumrudisha. Chanjo moja ya mbwa inafunga ile njia.

Kwa hiyo tunamjibu hivi yule aliyecheka. Sisi hatuombi mtu auze kiwanja kwa ajili ya mguu wa paka. Lakini mtoto yule wa Ballyfin angecheka kama sisi juu ya mwanakondoo aliyekufa, kwa kusema ni mnyama tu, asingejifunza kitu, na wale wenye vigutu wangekosa mtu mmoja anayewatafutia njia. Kutunza mnyama hakumnyang'anyi mtu. Anayeanza na mbwa wa kwake, ampeleke achanjwe, tayari amewachunga watoto wa avenue nzima.