Kesi ya Shilingi Tano

Kweli ikidhihiri, uongo hujitenga. Ndugu msomaji, mimi ni mweka hazina wa Chama cha Kiswahili, na muhula uliopita nusura niitwe mwizi kwa ajili ya shilingi 5.

Tulikuwa tumeandaa ngoma ya isukuti, ile ya Waisukha na Waidakho wa hapa kwetu Kakamega. Kiingilio kilikuwa shilingi 10 kwa mwanafunzi na shilingi 20 kwa mgeni, basi. Daftari la mlangoni lilionyesha jumla ya shilingi 1,335. Sandukuni mlikuwa na 1,330. Wenzangu wakanikodolea macho. "Sema, tano iko wapi?"

Nikakimbilia hesabu. Nambari shufwa hugawanyika kwa mbili bila baki; huandikwa 2k, k ikiwa nambari kamili. Witiri hubakiza moja, yaani 2m + 1.

"Haya," nikawaambia, "tukubali daftari ni sahihi." Wakashangaa! Lakini njia yenyewe ndiyo hiyo: mkubalie mwenzako neno lake, kisha umfuate nalo hadi mlangoni.

Wanafunzi wakiwa a na wageni b, basi 10a + 20b = 1,335. Upande wa kushoto ni 2(5a + 10b), shufwa. Wa kulia ni 2 × 667 + 1, witiri. Je, nambari moja yaweza kuwa yote mawili? Ingekuwa hivyo, 2k = 2m + 1, basi 2(k − m) = 1, na k − m ni nusu. Lakini ukitoa nambari kamili katika nambari kamili, hupati nusu ng'o! Huo ni ukinzani. Kwa hiyo tulilolikubali mwanzoni si kweli: daftari lilikosea.

Hata hivyo, thibitisho hilo halikusema kwamba 1,330 ndiyo sahihi. Lilisema tu 1,335 haiwezekani. Ilibidi tujumlishe upya, mstari kwa mstari, ndipo tukakuta 10 moja imeandikwa 15. Wakaniomba radhi.

Njia hii ni kongwe. Aristotle wa Uyunani, aliyefariki mwaka wa 322 K.K., alipoieleza alitoa mfano wa witiri kujikuta sawa na shufwa.

Anayesema hesabu haina kazi nje ya darasa, na aje aniulize mimi.