Zawadi Itolewayo na Wasomaji

Wako watu wapendao sana kusoma habari za mambo yasiyokuwapo bado: vyombo viendavyo mpaka kwenye nyota, mashine zenye akili, na miji itakayojengwa baada ya miaka elfu. Hadithi hizo huitwa hadithi za kubuni za kisayansi. Mtungaji hushika jambo lijulikanalo leo katika elimu ya sayansi, kisha hujiuliza, "Likiendelea hivi, mwisho wake utakuwaje?" Wapenzi wa hadithi hizo wana mkutano wao mkubwa kila mwaka, na huko hutoa zawadi iitwayo Hugo. Katika somo hili tutaona jinsi zawadi hiyo ipatikanavyo, na kwa nini haina thamani bila uaminifu.

Mkutano wa kwanza ulianza New York, katika nchi ya Marekani, tarehe 2 Julai 1939, nao ulikusanya watu wapatao 200. Mwaka ule palikuwa na Maonyesho makubwa ya Ulimwengu katika mji huo. Basi wale vijana wakauita mkutano wao Mkutano wa Ulimwengu, ijapokuwa karibu wote walikuwa Wamarekani. Tangu 1942 hata 1945 haukufanyika, kwa sababu ya vita. Baadaye ukaanza kusafiri: Toronto mwaka 1948, London mwaka 1957, Heidelberg katika Ujerumani mwaka 1970, Yokohama katika Japani mwaka 2007, na Chengdu katika Uchina mwaka 2023. Mpaka mwaka 2025 ulikuwa haujafanyika katika Afrika. Hauna tajiri aumilikiye. Wanachama wenyewe huchagua mji utakaowapokea.

Ama zawadi, ilipewa jina la Hugo Gernsback, mtu aliyezaliwa Luxembourg mwaka 1884, akahamia Marekani, na mwaka 1926 akaanzisha gazeti la hadithi hizi lililoitwa Amazing Stories. Ilitolewa mara ya kwanza Philadelphia mwaka 1953, na mtungaji Alfred Bester akaipata kwa kitabu chake The Demolished Man. Zawadi yenyewe ni sanamu ya roketi ya madini yenye kung'aa. Umbo la roketi ni lile lile, bali kiweko cha kuisimamishia hutengenezwa upya kila mwaka. Mshindi hapewi fedha. Basi, thamani ya zawadi hii yatoka wapi? Yatoka katika jambo moja: hutolewa na wasomaji. Kila aliyelipa ada ya uanachama aweza kupiga kura, hata kama hakusafiri kwenda mkutanoni.

Kazi hii ina hatua mbili. Kwanza, kila mwanachama huandika majina ya vitabu visivyozidi vitano katika kila fungu, yaani riwaya, hadithi fupi, na mengineyo. Na kutokana na majina hayo hupatikana sita vya kushindaniwa. Pili, wanachama huvipanga hivyo sita kwa daraja: cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kuendelea.

Tuchukue mfano wa darasa lenye wanafunzi 30, wenye kuchagua hadithi moja katika tatu. Hadithi ya Mwezi yapata kura 12, ya Bahari 10, na ya Mlima 8. Je, Mwezi umeshinda? La, kwa maana haukupata zaidi ya nusu. Huondolewa Mlima, uliopata chache kuliko zote, na karatasi zake 8 hutazamwa tena. Ikiwa 6 ziliweka Bahari mahali pa pili, na 2 ziliweka Mwezi, basi Bahari sasa ina 16, na Mwezi 14. Bahari ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa wengi waliikubali.

Tena, katika karatasi ya kura pana maneno yasemayo "Hapana Zawadi". Mwanachama aonaye kwamba hakuna anayestahili huyaweka maneno hayo juu.

Kwa njia hiyo wamepata zawadi watu wa asili nyingi. Mwaka 2015 alishinda Liu Cixin wa Uchina. N. K. Jemisin, mwanamke Mmarekani mweusi, alishinda kwa riwaya miaka mitatu mfululizo, 2016, 2017 na 2018. Mwaka 2016 alishinda pia Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani na wazazi wa Nigeria, kwa hadithi ya msichana wa kabila la Wahimba. Na jina la kitabu hicho ni neno tulijualo sote: Binti.

Lakini penye kura hapakosi majaribu. Mwaka 2015 watu fulani walifanya shauri, wakapendekeza orodha moja, wakajaza mafungu mazima. Wanachama wengine wakajibu kwa kalamu: katika mafungu matano maneno "Hapana Zawadi" yalishinda. Hesabu za mkutano wa Chengdu zilipotangazwa mwezi wa Januari 2024, ilionekana kwamba vitabu vingine vilivyopendekezwa na wengi vilikuwa vimeondolewa bila sababu kuelezwa. Watu wakaona uchungu, wakauliza kwa sauti kuu.

Mwaka huo huo, wahesabuji wa Glasgow waligundua kura 377 zenye mashaka: majina mengine yalifanana, yakihitilafiana herufi moja tu. Kama zingalihesabiwa, mshindani mmoja angalishinda. Walizikataa, wakautangazia ulimwengu jambo hilo. Jina la mshindani huyo hawakulitaja, kwa kuwa hapakuwa na dalili kwamba yeye alijua.

Njia ya mwongo ni fupi. Roketi ile ni madini tu. Mtu aweza kuagiza mfano wake kwa fundi. Asichoweza kuagiza ni heshima ya wasomaji maelfu waliosoma na kuchagua kwa haki.

MASWALI
1. Kwa nini mkutano uliitwa wa Ulimwengu?
2. Eleza kwa nini Hadithi ya Mwezi haikushinda, ingawa ilitangulia.
3. Maneno "Hapana Zawadi" yana faida gani?
4. Wahesabuji wa Glasgow walifanya haki kwa nani?