Rovu Upareni: Chumvi Hukinga, Haifuti

Mvua inayonyesha Shengena, kilele cha Upare chenye mita 2,462, haikai mlimani. Hushuka kwenye makorongo, ikajaza ndiva, yaani mabwawa ya asili ya wakulima, na kuelekea tambarare ya Makanya. Maji hayo huondoka na madini joto (iodini) ya udongo. Ndiyo maana milima yenye mvua na miteremko mikali, kuanzia Alpi hadi Himalaya, imejulikana tangu zamani kwa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni: anayekula cha shambani kwake tu hupungukiwa madini hayo.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya koo, huyatumia kutengeneza homoni zinazoongoza mapigo ya moyo, joto la mwili na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Yakipungua, ubongo huichochea tezi ifanye kazi zaidi, nayo huongeza seli ili idake hata kidogo kilichopo. Mwanzoni huvimba sawasawa. Miaka ikipita, huota vinundu.

Katika miaka ya 1980 Tanzania ilianza kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na katikati ya miaka ya 1990 ikaweka kanuni za kuyatia kwenye chumvi. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta rovu kwa wanafunzi wapatao 7 tu kati ya 100.

Lakini kinachomkinga mjukuu hakifuti rovu la bibi. Vinundu vya siku nyingi vinaweza kuacha kutii amri ya ubongo, na vikishiba madini joto ghafla, hutoa homoni kupita kiasi. Hilo lilionekana Kivu, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1990, chumvi mpya ilipoingia. Basi mwenye rovu aendelee na chumvi ya kawaida ya nyumbani, ila asijinunulie matone wala vidonge vya madini joto.

Daktari hutafuta majibu matatu. Je, homoni ziko sawa? Damu husema. Vinundu ni vya namna gani? Ultrasaundi huonyesha, na chenye shaka huchomwa sindano nyembamba ili seli zake zipimwe. Je, tezi inabana koo? Mgonjwa mwenyewe hueleza kama anakosa pumzi akilala chali au chakula kinamkwama. Majibu yakiwa mazuri, rovu halihitaji dawa. Hupimwa tena baada ya muda. Likibana, mgonjwa wa Same, huko Upareni, anaweza kupewa rufaa hadi hospitali ya KCMC, Moshi, afanyiwe upasuaji.

Daktari mpasuaji Mswisi Theodor Kocher, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909, alionyesha kwamba wagonjwa walioondolewa tezi yote walidhoofika mwili na akili. Leo aliyeondolewa tezi nzima humeza levothairoksini, homoni ya tezi ya kidonge, kila siku, maisha yake yote.

Asingoje tarehe ya kliniki mtu ambaye rovu lake limekua haraka, limekuwa gumu, au sauti yake imekwaruza bila mafua. Naye mjamzito asikose chumvi yenye madini joto: mahitaji yake hupanda kutoka mikrogramu 150 hadi 250 kwa siku. Chumvi hiyo ifunikwe vizuri na iwekwe mbali na unyevu na jua, kwa kuwa madini joto hupotea.