Nuru na Iwe Usoni mwa Mtoto

Fungua ripoti ya mwaka ya shule, au tazama picha zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mwalimu mkuu, na yamkini utakutana na kasoro moja inayorudiwa mno. Watoto wanacheza uwanjani. Mashati meupe yanang'aa, mabati ya paa yanametameta, anga imekuwa nyeupe kama chokaa, lakini nyuso za watoto hazionekani. Mpiga picha alikuwapo, mchezo ulikuwapo, furaha nayo ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtoto mwenyewe.

Wako wanaosema kuwa kosa ni la kamera duni. Wengine hulilaumu jua. Wabaya zaidi ni wale wanaoilaumu rangi ya mtoto, wakadai kwamba mtu mweusi sana "hatoki" katika picha. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi, hata ndani ya vyumba vya walimu, na ninaipinga. Uso mweusi una nuru yake, una mng'ao wake, na jicho la binadamu huuona bila taabu. Kisichoujua ni chombo, na chombo hufanya kile kilichoelekezwa na anayekitumia.

Hebu tutazame jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi. Kamera haijui kama inamtazama mtoto, mbuzi au ukuta. Inachofanya ni kupima mwanga unaoingia na kukisia kwamba dunia nzima, ikichanganywa pamoja, ina weupe wa wastani, yaani rangi ya kijivu inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Ukiielekeza kwenye uwanja wenye anga angavu, ukuta uliopakwa chokaa na sare nyeupe, huona mwanga mwingi kupita kiasi na kuupunguza. Ukuta hubadilika ukakaribia kijivu, na uso wa mtoto, uliokuwa na mwanga mchache kuliko ukuta, huzama gizani.

Isitoshe, historia ya ufundi huu haikutupendelea. Kwa miaka mingi, maabara zilizosafisha filamu za rangi zilirekebisha mitambo yake kwa kutumia kadi ya mfano ya kampuni ya Kodak iliyokuwa na picha ya mwanamke Mzungu, na kadi hiyo ikajulikana kwa jina la Shirley. Ngozi ya mwanamke huyo ikitoka vizuri, kazi ilihesabiwa kuwa imekamilika. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo anayesema kwamba mtoto mweusi hatoki katika picha anarudia, pasipo kujua, upungufu wa kipimo kilichowekwa mbali na hapa, kwa ajili ya watu wengine.

Dawa ipo, na haihitaji fedha nyingi. Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Simu ya mwalimu inaweza kutosha, mradi anayeishika anafahamu mambo matatu: mahali pa kusimama, kiasi cha mwanga, na mipaka ya kuhariri.

Nianze na mahali. Picha ninayoizungumzia hapa ni ile isiyopangwa, ambayo mtoto hakuambiwa asimame wima wala atabasamu. Katika picha ya namna hiyo mtoto hahamishwi. Anayehama ni mpiga picha. Nchi yetu imekatwa na ikweta, na saa sita mchana jua huwa karibu na utosi. Paji la uso hung'aa, macho hugeuka mashimo meusi, na chini ya pua na kidevu huanguka kivuli kizito. Afadhali kungoja saa kumi jioni, au kuwahi kabla ya saa tatu asubuhi, wakati jua liko upande na mwanga wake ni mpole. Ikiwa mchezo ni wa adhuhuri na hauahirishwi, basi tafuta watoto walio pembezoni mwa kivuli cha mwembe au chini ya paa la baraza. Hapo mwanga hauji moja kwa moja kutoka angani. Huakisiwa na ukuta mweupe au udongo mwekundu wa uwanja, ukaingia machoni mwa mtoto kutoka chini na pembeni. Ardhi yetu yenyewe ni taa, tena ya bure.

Kisha kuna subira. Kamera ikitokea uwanjani, watoto hukusanyika, wakapiga kelele na kujipanga. Usiwafukuze. Kaa nao, piga picha mbili tatu za kuwaridhisha, kisha utulie. Baada ya robo saa watakuwa wamekusahau na kurudi kwenye mpira au kamba yao. Hapo ndipo kazi huanza.

Jambo la pili ni kiasi cha mwanga. Kamera ina njia tatu za kukitawala: upana wa tundu la lenzi, muda ambao tundu hilo huachwa wazi, na wepesi wa filamu au kihisi katika kupokea mwanga, unaoandikwa ISO. Kanuni ya zamani ya wapiga picha husema kwamba penye jua kali, tundu likiwekwa f/16, muda uwe sehemu ya sekunde inayolingana na ISO. Kwa ISO 100, basi, muda ni takriban 1/125 ya sekunde. Lakini mtoto anayeruka kamba hawezi kunaswa kwa kasi hiyo bila miguu kuwa ukungu. Mwalimu wa hisabati atafurahia hesabu inayofuata: ukifupisha muda mara mbili, huna budi kupanua tundu hatua moja. Kwa hiyo 1/125 kwa f/16 huleta mwanga uleule wa 1/500 kwa f/8, na wa 1/1000 kwa f/5.6. Mizani haikuvunjika, ila miguu ya mtoto sasa imesimama hewani.

Kanuni hiyo humhusu mtoto aliyeangazwa na jua kwa mbele. Akilipa jua kisogo, uso wake una mwanga mchache mno kuliko mazingira, na kamera itadanganyika. Hapo ndipo kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa kinapohitajika. Ongeza hatua moja, pengine mbili, mpaka uso uonekane. Kwenye simu nyingi, gusa uso wa mtoto kwenye kioo, halafu sogeza juu alama ya jua inayojitokeza kando. Anga itafifia na kuwa nyeupe, na hilo si hasara, kwa kuwa hatukuja kupiga picha ya anga. Kinyume chake pia ni kweli. Uso mweusi ukijaza picha nzima mbele ya ukuta wa giza, kamera hujaribu kuufanya kijivu. Hapo punguza kidogo, ili weusi wake ubaki na uzito wake.

Angalia tu kwamba mwanga usizidi hadi paji la uso likawa doa jeupe. Sehemu iliyoungua kwa mwanga haina habari yoyote ndani yake, na hakuna ufundi wa kuirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Hilo latufikisha kwenye jambo la tatu, kuhariri. Kazi hii haikuanza na kompyuta. Katika chumba cha giza mafundi walikinga sehemu ya karatasi kwa mkono ili isiwe nyeusi mno, na kuichoma kwa mwanga zaidi sehemu iliyopauka. Hata Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyesifika kwa kutokata kingo za picha zake, aliikata ile ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha reli cha Saint-Lazare mjini Paris, kwa sababu aliipiga kupitia mwanya wa ua. Basi mwalimu asione haya kunyoosha upeo uliopinda, kukata ndoo ya taka iliyojitokeza pembeni, kuinua vivuli ili macho yaonekane, au kurekebisha rangi iliyogeuka samawati kwa sababu ya kivuli. Kamera yake ikiweza kuhifadhi picha ghafi, aitumie. Picha ya kawaida ya JPEG huwa na ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, ilhali picha ghafi ya biti 12 ina ngazi 4,096, na humo gizani mna uso unaoweza kuokolewa.

Mpaka ni upi, basi? Kwa maoni yangu, kuhariri kunaruhusiwa kurudisha kile jicho lilichokiona, na hakuruhusiwi kumbadilisha aliyeonekana. Mwezi Juni 1994 jarida la Time la Marekani lilichapisha kwenye jalada lake picha ya polisi ya O. J. Simpson ikiwa imetiwa giza, na wiki hiyohiyo jarida la Newsweek likaitoa picha ileile bila kuigeuza. Wasomaji walipoziona bega kwa bega, ghadhabu ilizuka, kwani mtu aliyekuwa hajahukumiwa alifanywa aonekane wa kutisha kwa kuongezewa weusi. Siku hizi tatizo letu limegeuka upande. Programu za simu humlainisha mtoto, zikamfuta kovu la goti na kumpausha ngozi kwa jina la urembo. Ni udanganyifu uleule. Kuleta mwanga usoni mwa mtoto ni kumheshimu. Kumbadilisha rangi ni kumwambia kwamba alivyo hafai.

Atatokea msomaji aseme kwamba giza nalo lina uzuri wake. Sipingi. Mhungari Martin Munkácsi alipiga picha inayojulikana kama ya wavulana watatu wa Ziwa Tanganyika: wanakimbilia mawimbi, migongo yao ikiwa myeusi kabisa mbele ya povu jeupe. Cartier-Bresson, aliyeiona mapema katika miaka ya 1930, alikiri kuwa ndiyo iliyomwasha moto wa upigaji picha. Lakini weusi wa picha hiyo unatufaa kwa sababu unatuonyesha miili, mwendo na furaha. Giza linalochaguliwa ni sanaa. Giza linaloachwa tu litokee ni uzembe.

Sharti moja limebaki, nalo ni la sheria. Kwa kuwa picha hizi hupigwa mtoto akiwa hana habari, idhini ni jambo la lazima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hutaka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa hiyo. Fomu moja mwanzoni mwa mwaka, ikieleza picha zitatumika wapi, huondoa balaa hilo.

Nawasihi walimu wa fizikia, ambao tayari hufundisha kamera ya tundu, wawatoe wanafunzi nje kwa kipindi kimoja, wapimane nyuso kivulini na juani, wajionee tofauti. Nao wanafunzi walio na jukumu la kupiga picha za chama chao au za gazeti la shule, kabla ya kubonyeza, wajiulize swali moja tu: mwanga huu umeangukia nini? Ikiwa umeangukia ukuta, wasogee.

Miaka arobaini ijayo, mtoto anayeruka kamba leo atakuwa mtu mzima anayetafuta utoto wake katika albamu ya shule. Ana haki ya kuuona uso wake.